Juisi ya Hajati na kipimo nilichokipunja



Mhariri aliniomba niandike kuhusu sayansi na imani. Nilijaribu mara mbili nikashindwa, kwa sababu kila nikianza najikuta nimerudi kwenye jambo lililotokea Ramadhani iliyopita. Wengi wenu mnalijua kwa upande wa uvumi wake tu. Nimeona bora niliandike hilo lenyewe, tena kwa upande wangu mimi niliyelisababisha.

Nasoma fizikia, na mradi wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa kupima mionzi ya asili katika juisi za matunda zinazouzwa karibu na chuo chetu hapa Kampala. Kwa asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Matunda yote yana potasiamu, madini yale yale ambayo moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hayo. Katika kila atomu milioni moja za potasiamu, 117 hivi ni za aina inayoitwa potasiamu-40, na hizo hazitulii. Moja moja huvunjika na kutoa mionzi, na zinavunjika polepole mno kiasi kwamba inachukua miaka bilioni 1.25 kwa nusu yake kwisha. Gramu moja ya potasiamu, iwe ndani ya ndizi, ndani ya udongo wa shambani au ndani ya damu ya mtu, hutoa mivunjiko karibu 31 kila sekunde. Mvunjiko mmoja kwa sekunde ndio tunaouita bekereli moja, kwa jina la Henri Becquerel, Mfaransa aliyegundua mionzi ya yureniamu mwaka 1896.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unajaza juisi kwenye chombo cha plastiki, unakiketisha juu ya kigunduzi, unakizungushia matofali ya madini ya risasi ili mionzi ya sakafu na kuta isiingie kwenye hesabu, kisha unangoja. Kila sampuli niliihesabu siku nzima, sekunde 86,400. Kabla ya hapo vyombo vilikaa vimezibwa karibu mwezi mmoja, ili gesi ya redoni, kama imo, ilingane na radiamu iliyoizaa. Juisi iliyofungwa mwezi mzima inageuka kuwa nini, Muislamu hahitaji kuambiwa. Nilitia dawa ya kuizuia isichachuke, na hata hivyo msaidizi wa maabara hakuacha kuniuliza kila asubuhi kama pombe yangu imeiva.

Majibu yalikuja kama vitabu vinavyosema. Pasheni tupu, isiyotiwa maji, ilitoa karibu bekereli 80 kwa lita. Machungwa yaliyotoka Soroti karibu 60. Nanasi la Kayunga chini ya 40. Radiamu na jamaa zake sikuwaona. Kama walikuwamo, walikuwa chini ya kiwango ambacho mashine yetu inaweza kutambua. Na pasheni ya Hajati, yule mama anayeuza juisi karibu na geti letu, ilitoa 40 kasoro, yaani nusu ya pasheni tupu. Sababu yake haikuhitaji fizikia. Nusu ya juisi yake ni maji, na mwenyewe hafichi. Akiulizwa husema, "Mwanangu, pasheni tupu nani ataimaliza bila kukunja uso?"

Sasa nije kwenye kosa langu. Wiki ya pili ya Ramadhani jumuiya iliandaa futari ya pamoja, na amiri akanipa dakika kumi kabla ya magharibi nizungumzie elimu yangu. Tunaotoka Goma, Bujumbura, Mombasa na Arua hukutana katika Kiswahili, kwa hiyo nilizungumza Kiswahili. Nilitaka kuwashangaza. Nikawaambia kwamba juisi iliyo mezani mbele yao ina mionzi, na kwamba pasheni inafika bekereli 80 kwa lita. Ukumbi ukanyamaza, na sitaficha kwamba nilifurahia ukimya ule. Ndugu mmoja akauliza kama kuna kiwango kilichowekwa. Nikajibu kwamba kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linataja bekereli 1 kwa lita kwa mionzi ya beta. Nilikuwa nakusudia kuendelea. Adhana ikaadhiniwa, watu wakachukua tende, na maneno yangu yakabaki pale pale yalipokatikia.

Asubuhi nilipata ujumbe kwenye WhatsApp kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo kabisa kwenye futari. Uliandikwa kwamba juisi ya pasheni inayouzwa getini imepimwa maabara na kukutwa na mionzi mara 80 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kwamba atakayewatumia wengine atapata thawabu. Jioni ile Hajati alirudi nyumbani na ndoo zake mbili zimejaa. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu hakuja.

Nawaomba muutazame ujumbe ule kwa makini, maana ndani yake karibu kila kitu nilikisema mimi. Pasheni ilipimwa, 80 ni yangu, na 1 ni ya Shirika la Afya Duniani. Lakini bekereli 1 ile si mpaka wa hatari. Ni alama ya kumwambia mpimaji wa maji kwamba sasa achunguze zaidi, ajue mionzi hii inatoka kwenye nini. Na mwongozo huo huo unataka mchango wa potasiamu-40 utolewe kwanza kwenye hesabu. Ukiitoa potasiamu-40 katika juisi yangu, ile 80 karibu yote inaondoka. Kwa hiyo namba mbili za kweli zilizowekwa ubavuni mwa mwenzake zilizaa uongo, na aliyeziweka pamoja mbele ya watu ni mimi, si yule aliyebonyeza kitufe cha kutuma.

Bekereli inahesabu mivunjiko. Haisemi mivunjiko hiyo inamfanya nini mtu, na kwa hilo kuna kipimo kingine, sivati. Lita nzima ya pasheni tupu, ukiihesabu kwa kanuni zinazotumika duniani, inampa mtu mzima karibu nusu ya sehemu moja ya milioni ya sivati. Kwa wastani binadamu hupokea kutoka kwa mionzi ya asili, ya ardhi, ya anga, ya hewa na ya chakula, milisivati 2.4 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: lita ile ni sawa na kuishi duniani kwa saa mbili hivi. Tena hata saa mbili hizo haziongezeki juu ya zilizopo, kwa sababu mwili haulimbikizi potasiamu. Unaweka kiasi unachokihitaji, na ziada inatoka kwenye mkojo. Mtu wa kilo 70 anabeba gramu 140 hivi za potasiamu, na ndani yake zaidi ya atomu 4,000 zinavunjika kila sekunde, akinywa juisi asinywe. Tunaposimama safu moja bega kwa bega, kila mmoja wetu anapokea mionzi kidogo kutoka kwa jirani yake. Haya yote niliyajua jioni ile. Yalikuwa kwenye daftari langu.

Rafiki yangu anayesoma udaktari aliniambia kwamba somo la kisa hiki ni kunyamaza. Watu wa kawaida, alisema, hawahitaji bekereli. Akanikumbusha maneno aliyoyapokea Bukhari katika mlango wa elimu kutoka kwa Ali (r.a.), kwamba watu wazungumzishwe kwa kadiri wanavyoweza kuelewa, wasije wakamkadhibisha Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Nilimjibu kwa ile hadithi iliyo kwa Abu Daud na Tirmidhi, ya mtu aliyeulizwa elimu akaificha, na hatamu ya moto atakayovishwa Siku ya Kiyama. Tukabishana mpaka daku. Kila mmoja ana dalili yake, na kila mmoja alikuwa anajitetea, mimi zaidi.

Lakini suala hili halikuanzia getini kwetu. Tarehe 26 Aprili 1986, usiku, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka katika iliyokuwa Muungano wa Sovieti. Wakubwa waliona raia hawahitaji kujua mapema. Tangazo la kwanza kwa taifa lilitoka jioni ya tarehe 28, na mjini Kyiv gwaride la Mei Mosi lilifanyika watoto wakiwa barabarani. Katika siku hizo ng'ombe walikula majani yaliyoangukiwa na iodini-131, watoto wakanywa maziwa. Iodini hiyo nusu yake huisha kwa siku 8 tu. Kama wazazi wangeambiwa wasiwape watoto maziwa kwa wiki chache, sehemu kubwa ya madhara isingewafikia. Hawakuambiwa kwa wakati, na maelfu ya waliokuwa watoto wakati ule walikuja kupata saratani ya tezi ya shingo. Nani atasema mbele ya wale kwamba watu wa kawaida hawahitaji bekereli?

Na upande wa pili upo vile vile. Baada ya ajali ya Fukushima, Machi 2011, wazee na wagonjwa walihamishwa kwa haraka kutoka hospitali na nyumba za kulelea. Katika jimbo lile zaidi ya vifo 2,000 vimeandikwa kuwa vilitokana na taabu ya kuhama na kuishi ugenini. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia mionzi haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi yenyewe. Sisemi kuhama kule hakukuwa na sababu. Mimi sikuwepo, na mtambo ulikuwa unalipuka. Nasema hofu nayo ina wafu wake, na hawaonekani kwenye kigunduzi chochote.

Niliposhindwa kulala baada ya mabishano yale nilisoma Suratul Mutaffifin. Nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, na siku zote niliisoma nikimfikiria muuza mchele sokoni na kidole chake juu ya mizani. Usiku ule ilinijia kwamba mpimaji ni mimi. Mwenye duka akikupa kilo kasoro, amekupunja. Mimi niliwapa watu bekereli bila sivati, nikawapa kiwango cha maji bila kueleza kinatumikaje, kisha nikaketi kula tende. Namba yangu ilikuwa sahihi hadi sehemu ya kumi, na bado walioondoka nayo waliondoka na pungufu. Maneno ya Ali (r.a.), nikiyafahamu vizuri, hayakuniamuru niwanyime. Yananitaka nijue wanaondoka na nini mikononi, na hadithi ya hatamu inanitaka niwape. Sioni mgongano hapo tena. Mgongano ulikuwepo tu kwa sababu nilidhani kusema ukweli ni kutamka namba.

Kurekebisha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Amiri, Mungu amlipe kheri, alitaka tangazo fupi: juisi ya getini ni salama kwa asilimia mia moja, haina mionzi, mwenye kueneza uvumi amuogope Mwenyezi Mungu. Alikuwa na haraka kwa ajili ya Hajati, na nilimpenda kwa hilo. Lakini sikuweza kuandika "haina mionzi", maana inayo. Sikuweza kuandika kwamba haina radiamu, maana mashine yangu kutoiona si sawa na kutokuwepo. Niliweza kusema tu kwamba kama ipo ni ndogo kuliko kile tunachoweza kukitambua. Na "asilimia mia moja" sikuitaka kabisa, kwa sababu maji ya ile juisi sikuyapima. Kigunduzi changu hakijui tofauti ya maji yaliyochemshwa na maji ya mfereji wenye kipindupindu. Amiri akakasirika kidogo. "Yaani umeharibu kwa ukweli, sasa unakataa kutengeneza?" Nilikaa na swali lile siku nzima. Kusema uongo mdogo wenye faida, kwa mama aliyedhulumiwa, katika mwezi mtukufu, si jambo ambalo moyo unalikataa upesi. Kilichonizuia ni kufikiria siku nyingine, siku ambayo kutakuwa na kitu cha kweli ndani ya maji au maziwa, na mimi au mwenzangu atasimama kusema, na watu watakumbuka kwamba watu wa maabara huandika "asilimia mia moja" wakiombwa.

Mwishowe niliandika kurasa mbili kwa mkono, nikazisoma baada ya tarawehe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nikawaomba ndugu wafunge mlango mpaka nimalize. Nilianza na kwamba kosa ni langu. Niliwaeleza potasiamu, nikawaeleza saa mbili za kuishi, nikawaeleza atomu 4,000 zilizo ndani yao. Nikawaambia pia kwamba wapo watu wanaotakiwa kujihadhari na juisi hizi kweli: wenye maradhi ya figo, ambao daktari huwapunguzia potasiamu kwa kuwa ikizidi kwenye damu yao inaweza kusimamisha moyo. Hiyo ni kemia ya potasiamu, haina uhusiano na mionzi. Dada mmoja alinifuata baadaye kuniuliza kuhusu baba yake anayesafishwa damu hospitalini, kama machungwa anayopelekewa kila wiki ni sawa. Nikamwambia aulize daktari wake kabla ya kumpelekea mengine. Katika mradi wangu wote, huenda hilo ndilo neno pekee lililomfaa mtu, na halikuwa ndani ya mradi.

Ilibaki hasara ya Hajati. Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu kama nina deni kwake. Akanieleza kanuni ya mafakihi: atendaye uharibifu kwa mkono wake hulipa hata kama hakukusudia, lakini aliyekuwa sababu tu halipi, ila akiwa amekusudia. Mimi nilikuwa sababu, wala sikukusudia. Kisheria, alisema, mikono yako ni misafi. Kisha akaniangalia akaongeza kwamba yeye ameulizwa kuhusu sheria, na amejibu kuhusu sheria.

Nikaenda nyumbani kwa Hajati na shilingi 60,000 ndani ya bahasha. Nilimkuta amechutama mbele ya sigiri, sufuria kubwa ya maji inachemka juu ya makaa, mfuniko unarukaruka. Basi maji yake huyachemsha. Swali lililonikaa kooni wiki nzima likajibiwa kabla sijaketi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na furaha niliyoipata ukumbi uliponyamaza. Alisikiliza bila kuniangalia, akipepea moto. Bahasha aliirudisha. Alisema juisi ya siku zile mbili aliwapa majirani wakafuturu, kwa hiyo thawabu ameshaichukua na hataki kuiuza kwangu. Alichokitaka ni nije Ijumaa nisimame mezani kwake kabla ya magharibi, wanafunzi wanionee, na adhana ikitoka ninywe ya kwanza.

Nilikwenda. Nilisimama pale nusu saa kama askari, watu wakipita na kuchungulia. Adhana ikatoka, nikala tende, nikanywa glasi nzima. Ndugu wawili wakanunua, kisha watano.

Walipopungua, Hajati aliniinamia akapunguza sauti. "Mwanangu, na ya yule wa ng'ambo ya barabara, mashine yako ilisema ngapi?"

Nilijua namba. Niliipima mwezi ule ule. Nikamtazama, nikaona anachokitaka, nikacheka mwenyewe kwanza.

"Hajati, yake iko juu kuliko yako. Inakaribia 70."

"Eeh!" Macho yakamng'aa.

"Iko juu kwa sababu hatii maji mengi kama wewe. Ile ni hesabu ya pasheni iliyomo."

Alicheka mpaka akaketi juu ya dumu. Ijumaa iliyofuata juisi yake ilikuwa nzito, ya rangi ya dhahabu, na bei ilikuwa imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500.